Amana Iliyoachwa Mteremkoni

Shooters Hill ni kilima cha kusini-mashariki mwa London, juu ya Woolwich, mahali ambapo silaha za dola ya Uingereza zilihifadhiwa na kutengenezwa tangu karne ya 17 hadi kiwanda cha serikali kilipofungwa mwaka 1967. Barabara ya kale iendayo Dover hupita juu ya kilima hicho. Na ichukuliwe kwamba asubuhi moja ya Jumapili lori la kijeshi la miaka ya 1950, lililopakwa upya rangi yake ya kijani, limeegeshwa mteremkoni hapo. Mwenye lori amezima injini, amevuta breki ya mkono, ameteremka na kwenda kunywa chai. Kuanzia dakika hiyo, tani sita za chuma ziko chini ya ulinzi wa mtu ambaye hayupo.

Katika gari lolote, karibu kila kifaa huhitaji mtu ili kifanye kazi. Usukani hauna maana bila mikono, na kanyagio halina maana bila mguu. Breki ya mkono pekee huanza kazi yake halisi pale mtu anapoondoka. Ni ahadi ambayo dereva huiweka kisha akaenda zake. Anaowaahidi hawajui kwamba wameahidiwa: mama anayesukuma kigari cha mtoto chini ya kilima, mzee anayesubiri basi, kijana aliyeegemea ukuta akitazama simu yake. Hawakuulizwa kama wanaliamini lori hilo, wala hawakulitazama. Wamepita tu, kwa imani ile ambayo wakazi wa jiji hupitia nayo mbele ya mambo elfu moja yanayoweza kuwaua.

Hivyo suala la kuitunza na kuiboresha breki ya mkono ya lori kuukuu, ingawa huonekana kuwa la mafundi na mafuta mikononi, ni suala la maadili tangu mwanzo. Linauliza mtu anadaiwa nini na wale wanaoishi chini ya mteremko wa kitu alichokipenda yeye.

Wapenzi wa magari ya kale si wachache Uingereza. Mengine yamepewa mapumziko. Basi la B43, liitwalo Ole Bill, lililojengwa mwaka 1911 na kubeba askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, limo katika mikusanyo ya Jumba la Makumbusho ya Vita la Kifalme huko Lambeth. Juu ya sakafu bapa ya jumba la makumbusho hakuna anayeuliza habari ya breki. Lakini mengine hurudishwa barabarani. Mwaka 2014 Jumba la Makumbusho la Usafiri la London lilikarabati basi lingine la aina hiyohiyo, B2737, likapelekwa hadi Ubelgiji na Ufaransa kwenye viwanja vya vita vya zamani. Na tangu miaka ya 1960 wenye malori na mabasi ya kale wamekuwa wakifanya msafara wa kila mwaka kutoka London hadi Brighton, vilima vikiwa njiani. Gari likishatoka kwenye sakafu bapa, historia yake inakutana na mteremko.

Hapo huzuka mzozo ambao kila mwenye gari la aina hii anaujua. Wapo wanaosema kwamba lori la kale ni ushahidi, na ushahidi haubadilishwi. Kama breki yake ilikuwa dhaifu mwaka 1952, basi udhaifu huo ni sehemu ya ukweli wake. Wapo wengine wanaosema kwamba barabara ya leo si jumba la makumbusho, na anayeingia na gari lake barabarani hana budi kuliweka sawa na barabara hiyo. Kila upande una hoja ya haki. Lakini kabla ya kuzipima hoja hizo yafaa kukitazama kitu chenyewe, kwa kuwa wengi hubishania uasilia wa breki bila kujua inashika nini.

Katika magari mengi ya kijeshi ya katikati ya karne ya 20, kwa mfano Jeep ya Willys, Land Rover za mwanzo na lori la Kimarekani la M35, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi kwenda kwenye ekseli. Hapo pana dramu ndogo, na vipande vinavyoibana, ambavyo mafundi huviita breki shuu. Uamuzi huo una akili yake. Katika lori zito, shafti huzunguka mara sita hivi au zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja, kwa hiyo anayeibana shafti anahitaji nguvu ndogo kuliko anayebana gurudumu lenyewe. Breki ndogo inaweza kuzuia mzigo mkubwa. Mteremko wa asilimia 16, ambao Uingereza huutumia kupimia breki za kuegesha za magari mengi, hulivuta lori la tani sita kwa nguvu inayokaribia tani moja. Kuizuia nguvu hiyo kwa dramu ya ukubwa wa sufuria si jambo dogo.

Lakini akili hiyo ina gharama. Kati ya dramu na lami kuna viungo vya shafti, difu, na nusu-shafti mbili zinazokwenda kwenye magurudumu. Kila kimoja kati ya hivyo kimekuwa sehemu ya breki bila kuitwa breki. Kimoja kikikatika, breki inabaki imeshika kwa nguvu zake zote kitu ambacho hakishiki chochote. Tena difu ina tabia yake: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu hilo linakuwa huru kuzunguka kinyume, na lori laweza kuondoka na kuanguka kutoka kwenye jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho. Mafundi wengi wamelijua hilo kwa kuambiwa. Wengine wamelijua kwa vidole vyao.

Gharama ya pili ni jirani mbaya. Dramu hiyo imekaa mlangoni pa giaboksi, na kati yake na mafuta pana sili moja tu ya mpira au ngozi. Sili ikichoka, mafuta huvuja na kulowesha breki shuu. Wenyini unavutwa kama kawaida, unatoa mlio uleule, na mkono wa dereva unahisi ukakamavu uleule. Chini, vipande vilivyolowa mafuta vinateleza juu ya chuma.

Matengenezo yenyewe yana mtihani wa ukweli ndani yake. Wenyini ukianza kupanda juu kupita kiasi, kuna njia mbili za kuurudisha chini. Ya kwanza ni kulala chini ya lori, kufungua dramu, kukagua unene wa breki shuu, kubadilisha sili inayovuja, kubadilisha pini zilizolika, kisha kurekebisha kutoka kwenye breki yenyewe. Ya pili ni kukaza kebo au fimbo ya kuvutia kwa spana, kazi ya dakika tano. Zote mbili humpa dereva wenyini unaokaa vizuri mkononi. Tofauti ni kwamba ya pili imerekebisha hisia ya dereva na kuuacha uchakavu ulipo. Ni sawa na mtu anayepaka chokaa ukuta uliopasuka, akalala kwa amani, nyumba ikiwa ya mpangaji.

Huo ndio utunzaji. Kuboresha ni jambo lingine, na hapo London ina urithi wake wa fikra. Mwaka 1849 John Ruskin, mzaliwa wa jiji hilo, alichapisha kitabu chake kuhusu taa saba za usanifu majengo, na humo akadai kwamba kulirejesha jengo la kale katika hali yake ya mwanzo ni uongo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mikono iliyolijenga haipo tena. Mwaka 1877 William Morris, aliyezaliwa Walthamstow, alianzisha jijini humo Chama cha Kulinda Majengo ya Kale. Mafundisho ya chama hicho yalikuwa mepesi kusema na magumu kutenda: zuia uharibifu kwa utunzaji wa kila siku, tegemeza ukuta unaotaka kuanguka, ziba paa linalovuja, na kazi mpya ijioneshe kuwa mpya isijifanye ya kale. Miaka michache baada ya kifo chake, kulekule Walthamstow, zilijengwa karakana zilizotoa mabasi kama yale yaliyokwenda vitani.

Mfuasi wa Ruskin angeweza kusema: basi liache lori kama lilivyo. Lakini Morris hakusema ukuta unaotaka kuanguka uachwe uwaangukie wapita njia kwa heshima ya aliyeujenga. Alisema utegemezwe, na nguzo ionekane kuwa nguzo. Kwa lugha ya karakana, breki iliyoboreshwa haina dhambi ikiwa haijifichi. Dhambi ni kuibadilisha kisha kuuficha ubadilishaji, au kuiacha dhaifu kisha kuuita udhaifu huo heshima kwa historia.

Uasilia mtupu una tatizo jingine, na tatizo hilo ni vumbi. Breki shuu za malori hayo zilitengenezwa kwa asbesto. Kwa miongo mingi mafundi walipuliza vumbi lake kwa upepo wa kompresa, na vijana waliokuwa wakijifunza kazi pembeni wakalivuta mapafuni. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999. Hakuna mpenzi wa magari ya kale mwenye akili timamu anayedai kwamba, ili lori liwe la kweli, asbesto irudishwe. Kwa kukubali jambo hilo moja, amekubali kanuni nzima: kuna uasilia usiostahili kuhifadhiwa, na kipimo chake ni mwili wa mtu mwingine. Baada ya hapo ubishi unaobaki ni wa mahali pa kuweka mpaka. Mpaka upo.

Hata hivyo hoja ya uasilia ina mzizi mwingine wenye nguvu zaidi, nao unastahili kujibiwa. Husemwa: askari waliliendesha lori hili na breki hiyohiyo, juu ya milima na matope, na kazi ikafanyika. Kwa nini breki iliyolitosha jeshi isimtoshe raia wa siku ya Jumapili?

Jibu ni kwamba breki hiyo haikulitosha jeshi peke yake. Lori la kijeshi lilikuwa na dereva aliyefunzwa, na mara nyingi msaidizi pembeni yake. Lilikuwa na kabari za mbao za kuweka nyuma ya magurudumu. Lilikuwa na ratiba ya ukaguzi, fundi wa kikosi, na mkubwa wa kumuuliza fundi huyo kwa nini hakukagua. Wenyini ule mdogo ulikuwa sehemu moja ya mpango wa watu wengi, na waliousanifu walijua kwamba watu hao watakuwepo. Anayenunua lori hilo miaka 70 baadaye amenunua chuma. Watu hawakuuzwa pamoja nalo. Kwa hiyo anayeiacha breki kama ilivyokuwa, bila kabari, bila msaidizi na bila ukaguzi, hajahifadhi mpango wa asili. Amehifadhi nusu yake iliyo dhaifu na kuitupa nusu iliyokuwa ikiusaidia udhaifu huo.

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki ana picha ya jambo hili bila kwenda London. Katika barabara za milimani, lori lililopakia hadi juu likisimama ghafla, anayeruka wa kwanza ni utingo, ambaye Kenya wanamwita taniboi, na mkononi ana jiwe au gogo. Anakimbia pamoja na gurudumu linalorudi nyuma na kulisukumia jiwe kwa wakati barabara. Yeye ndiye breki ya mkono ya lori hilo, analipwa kidogo kuliko dereva, na maisha yake yako karibu zaidi na tairi. Huo ni mpango wa watu na chuma pamoja, na mara nyingi unafanya kazi. Lakini kuna sehemu yake ya pili ambayo kila dereva wa usiku anaijua. Lori likishatengenezwa na kuondoka, jiwe hubaki katikati ya lami. Limewaokoa wenye lori, sasa linamsubiri mwenye pikipiki. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, ila hawakusema hatari ya nani. Aliyeweka jiwe alichukua tahadhari kamili juu ya hatari yake mwenyewe.

Historia ya jiwe chini ya gurudumu ina ukurasa mchungu zaidi. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland ikiwa bado yote chini ya Uingereza, treni ya matembezi ya shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Wahusika waliamua kuigawa: sehemu ya mbele ipelekwe kwanza kituoni, sehemu ya nyuma ibaki mteremkoni. Breki ya treni ile ilifanya kazi kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na mabehewa yalipokatwa, breki nayo ikakatika. Yaliyobaki yakashikwa na breki ya mkono ya behewa la mwisho na mawe machache yaliyowekwa chini ya magurudumu. Sehemu ya mbele iliporudi nyuma kidogo tu wakati wa kuondoka, iliyagusa mabehewa yale, mawe yakasagika, na mabehewa yakaanza kushuka kuelekea treni nyingine iliyokuwa ikija. Walikufa watu wapatao 80, wakiwemo watoto wengi. Mwaka huohuo Bunge la London lilipitisha sheria iliyolazimisha treni za abiria ziwe na breki za aina nyingine: breki inayojifunga yenyewe pale uhusiano unapokatika.

Uamuzi huo una falsafa ndani yake. Katika mfumo wa kwanza nguvu ilihitajika ili kushika, na nguvu ikikosekana gari linakwenda. Katika mfumo wa pili nguvu inahitajika ili kuachia, na nguvu ikikosekana gari linasimama. Malori mazito ya leo yamejengwa kwa mantiki hiyo: springi kubwa hubana breki wakati wote, na upepo wa kompresa ndio unaoziachia. Upepo ukiisha, lori halisogei. Kosa la mtu halikuondolewa, maana watu hawaachi kukosea. Kilichobadilishwa ni nani atakayelipia kosa hilo. Katika mfumo wa kwanza hulipwa na aliye chini ya mteremko. Katika wa pili hulipwa na mwenye lori, kwa kuchelewa safari yake.

Pengine hicho ndicho kipimo bora cha kila pendekezo la kuboresha kitu cha kale. Haitoshi kuuliza kama kimebaki kile kile, wala kama kimekuwa cha kisasa. Yafaa kuulizwa: kikishindwa, nani atakuwa wa kwanza kujua? Kama ni mwenye kitu, ana haki ya kuuchukua mzigo huo kwa mapenzi yake. Anaweza kustahimili usukani mzito, kiti kigumu, baridi na moshi, na kustahimili huko ni sehemu ya furaha yake. Kama ni mpita njia, mapenzi ya mwenye kitu si hoja tena.

Sheria yenyewe imemwachia mwenye gari nafasi kubwa. Kanuni za Uingereza za mwaka 1986 zinakataza kuliacha gari barabarani bila mtu ilhali injini haijazimwa au breki ya kuegesha haijafungwa. Lakini tangu 20 Mei 2018, magari mengi yaliyotimiza miaka 40 na ambayo hayajabadilishwa kwa kiasi kikubwa hayalazimiki tena kupelekwa kupimwa kila mwaka. Wajibu wa kuyaweka salama haukufutwa. Kilichoondoka ni jicho la mkaguzi. Na mwongozo wa serikali haukuyahesabu mabadiliko ya ekseli na mitambo yake yanayolenga usalama kuwa ni kuliharibu gari la kihistoria. Kwa maneno mengine, kisingizio kwamba sheria inamlazimisha mtu kuiacha breki dhaifu hakipo. Amebaki yeye na dhamiri yake, chini ya lori, akiwa na tochi.

Katika Kiswahili kuna neno linalokaa vizuri hapa: amana. Kwa kawaida hutumika kwa mali ya mtu aliyesafiri, iliyowekwa kwa jirani. Mwenye lori kuukuu amewekewa amana mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza imetoka kwa waliotangulia: fundi aliyepiga ribiti, askari aliyelala ndani ya lori mvua ikinyesha. Ya pili imetoka kwa waliopo, nao ni usalama wao, walioukabidhi bila kujua. Mtu anaweza kuzitimiza zote mbili, ikiwa hatajidai kwamba zinapingana pale zisipopingana. Sehemu za asili zilizotolewa hupakwa mafuta, hufungwa, huandikwa tarehe na kuwekwa rafuni, ili atakayekuja aweze kuzirudisha au kuzisoma. Breki mpya hufungwa kwa namna isiyotoboa wala kukata kilichokuwepo, na katika daftari la lori huandikwa wazi kwamba hii si ya mwaka 1952. Ushahidi haukupotea. Umeongezewa sentensi moja ya kweli.

Na kabari hubaki. Huo ndio mtego wa mwisho wa kuboresha: breki mpya humpa mwenyewe imani mpya, na imani hiyo ikaja kumwondolea tabia zilizokuwa zikimlinda wakati breki ikiwa mbovu. Aliyefunga breki bora kisha akaacha kuweka kabari, akaacha kugeuza tairi kuelekea ukingo wa njia, akaacha kuijaribu mteremkoni lori likitazama juu na tena likitazama chini, amebadilisha ulinzi wa aina moja kwa mwingine na hakuongeza chochote.

Shooters Hill, mwenye lori anarudi baada ya saa moja. Lori liko pale pale. Hakuna aliyemshukuru, na hakuna atakayemshukuru. Yule mama mwenye kigari cha mtoto alikwisha pita zamani, na hakutazama juu. Anainama, anatoa kabari mbili za mbao nyuma ya tairi, anazikung'uta matope na kuzirudisha chini ya kiti. Barabarani hakuacha kitu.